Kiungo Kisichotiwa Gundi

Fremu ya kwanza ya chandarua niliyoitengeneza kwa mabomba ya plastiki ilipendeza kuliko kitanda chenyewe. Niliiundia barazani kwa Bibi, Ngamiani, Tanga, Jumamosi moja ya mwaka 2008, likizo yangu ya kwanza tangu nianze kazi. Mabomba matatu ya robo tatu, kila moja mita sita, yalitosha: miguu minne, mstatili wa juu, na bomba la kukingama kichwani na miguuni ili miguu isitawanyike. Nililisugua kila bomba kwa msasa mpaka maandishi ya kiwandani yakafutika. Kila kiungo nilikipaka gundi, nikakisukuma, nikakizungusha kidogo, nikakishikilia mpaka kikashika. Alasiri tukainyanyua, mimi mbele na binamu yangu nyuma, tukaenda nayo chumbani.

Ikagota mlangoni. Tukailaza ubavu, ikagota. Tukaigeuza kichwa chini miguu juu, ikagota. Kitanda cha Bibi kilikuwa nne kwa sita, yaani kama sentimita 122 kwa 183, na mlango wa chumba chake haukufika sentimita 80. Dirisha lilikuwa na nondo. Bibi alikuwa ameketi mkekani akichambua mchele. Alitutazama tukihangaika mpaka tukachoka, ndipo akauliza taratibu, "Sasa mume wangu, ndiyo nihamie barazani?"

Usiku ule alilala kama alivyolala siku zote, chandarua kimeninginia kwa kamba nne: moja kwenye msumari, moja kwenye nondo ya dirisha, moja kwenye bawaba ya kabati, na ya nne kwenye ndoana iliyokuwa ikichomoka ukutani kila wiki pamoja na kipande cha plasta. Fremu yangu ilibaki nje. Asubuhi kuku walikuwa wameipanda. Jioni watoto wa jirani waliifanya goli.

Mjomba wangu ni fundi bomba. Alipita Jumapili baada ya adhuhuri, kama kawaida yake.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Hili banda la nani?"

Nilimweleza. Akaizunguka fremu, akigonga kila pembe kwa ukucha. "Umetia gundi viungo vyote?"

"Vyote, Mjomba." Nilisema kwa majivuno, nilidhani nasifiwa.

"Hata sisi wenye kazi ya maji hatutii gundi kila mahali. Yunioni tunaiweka ya nini?"

Yunioni ni kile kiungo chenye pete ya kuzungusha kwa mkono, kinachowekwa karibu na tangi, pampu au mita. Kwa mtazamaji ni gharama ya bure, maana soketi ya kawaida ni rahisi na inaunganisha vilevile. Lakini fundi anajua kwamba ipo siku pampu itaungua, au tangi litahamishwa, na siku hiyo atakayekuja kufungua huenda akawa yeye mwenyewe. Anajiachia njia ya kurudi. Mimi nilikuwa nimejenga kitu kisicho na njia ya kurudi, na, kwa aibu zaidi, kisicho na njia ya kuingilia.

Ilibidi tuikate. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba gundi ya mabomba si gundi kama ile ya karatasi au ya mbao. Haikai katikati ya vitu viwili ikavishikanisha. Inayeyusha uso wa bomba na uso wa ndani wa soketi, na dawa ikishakauka nyuso hizo zimekuwa mwili mmoja. Huwezi kubandua; unakata tu. Na ukikata, elbo imekufa. Siku ile nilipoteza viungo vyote vya juu, na kila bomba likapungua kwa kiasi cha kilichobaki ndani ya elbo. Fremu ya pili ikawa fupi kuliko ya kwanza, na Bibi akasema afadhali, ya kwanza ilimkumbusha jukwaa la siasa.

Likizo ile nzima nilimfuata Mjomba kazini, nikimbebea msumeno wa chuma na mfuko wa viungo. Alinifundisha bila kuniketisha chini kunifundisha. Nilijua kwa mfano kwamba dukani bomba lina lugha mbili. Mafundi wanasema nusu inchi, robo tatu, inchi moja, inchi nne. Ubavuni mwa bomba kumeandikwa 20, 25, 32, 110, nazo ni milimita za upana wa nje. Anayepima kwa rula akaagiza kwa inchi atarudi nyumbani na elbo isiyoingia popote.

Nilijua pia kwamba soketi inameza. Elbo ya robo tatu inakula karibu sentimita mbili za bomba kila upande. Mimi nilikuwa nikipima nafasi inayoonekana kati ya kiungo na kiungo, nakata hapohapo, halafu nashangaa bomba limepungua sentimita nne. "Pima na kisichoonekana," Mjomba alikuwa akisema, na hakuwa akihubiri. Alikuwa akizungumzia zile sentimita nne. Kisha kuna ile desturi yake ya kukipanga kitu chote kikavu kwanza, bila tone la gundi, na kuchora mstari wa penseli unaovuka kutoka kwenye bomba hadi kwenye kiungo. Ukija kutia gundi huna muda wa kufikiri. Una sekunde chache tu, na ule mstari ndio unaokuonyesha elbo ilielekea wapi.

Jambo moja hakunifundisha kwa sababu halimo katika kazi yake. Maji hayahitaji pembe ya meza. Duka la vifaa vya maji linauza elbo ya njia mbili na tii ya njia tatu, lakini tii ni bapa, njia zake zote zimelala kwenye sakafu moja. Fremu ya kitanda inataka pembe inayoelekea mbele, kando na chini. Nilisumbuka na hilo siku mbili. Jibu likawa kuchukua tii na elbo, kuziunganisha kwa kipande kifupi cha bomba kiasi cha kidole gumba, kisha kuipinda elbo itazame chini. Haipendezi sana. Ila inafanya kazi, na kila kitu nilichotengeneza tangu hapo kina alama hiyo ya goti lililovimba.

Kwa nini nihangaike na plastiki, wakati mtaani kwetu kuna wachomeleaji hodari wa chuma? Aliyekulia pwani hana haja ya kuuliza. Hewa ya bahari inakula chuma. Kitanda cha chuma cha marehemu Babu kilikuwa kikiacha unga mwekundu sakafuni, na skrubu za bawaba zilikuwa zikikatika kama biskuti. Mjomba mwenyewe alianza kazi enzi za mabomba ya chuma, na kazi yake kubwa siku hizi ni kuyang'oa na kuweka ya plastiki. Ndani ya bomba la zamani alilolikata mbele yangu, kutu ilikuwa imejaa mpaka nafasi ya maji imebaki kama tundu la kalamu.

Lakini plastiki nayo ina adui zake, na nilikutana nao mmoja mmoja.

Wa kwanza ni moto. Nilimwona Mjomba akipasha ncha ya bomba juu ya jiko la mkaa, akilizungusha kwa mbali bila kuliacha liguse moto, kisha akiingiza bomba jingine ndani yake likatanuka kuwa soketi. Nikaona rahisi. Siku ya kujaribu mwenyewe nililisogeza karibu zaidi ili liive upesi. Likageuka kahawia, likatoa moshi, na koo langu likawaka kama nimemeza pilipili kichaa. Zaidi ya nusu ya uzito wa plastiki hii ni klorini. Ikiungua hutoa hewa ambayo, ikikutana na unyevu wa koo na macho, huwa tindikali. Mjomba alinivuta nje kwa shati. Baadaye nilijua kwamba sikuhitaji mwali hata kidogo. Bomba hili huanza kulegea kwenye nyuzi joto 80 hivi, kwa hiyo bomba jembamba linapindika kwa maji yanayochemka. Ukilijaza mchanga kabla ya kulipinda, halibonyei kwenye kona. Na vipande vibovu havichomwi jalalani, hata kama ni vidogo.

Joto hilohilo lilinipa aibu ya pili. Nilitengeneza kichanja cha vyombo cha jikoni, cheupe, nadhifu, mke wangu akakisifia mbele ya wageni. Wiki ya pili sufuria ya wali ilitoka jikoni ikatuliwa juu yake. Asubuhi kichanja kilikuwa na kitanda cha sufuria, kimebonyea umbo lake sawasawa. "Baba watoto," mke wangu aliniambia, "nilikuomba cha kuwekea vyombo. Sufuria si chombo?" Nilikuwa nimejiuliza maswali yote kuhusu bomba, sikujiuliza hata moja kuhusu jikoni.

Adui wa pili ni jua. Hapa pana kichekesho. Mwaka 1872 mkemia Mjerumani Eugen Baumann aligundua kwamba hewa fulani iliyokuwa ndani ya chupa, baada ya kukaa kwenye mwanga wa jua, imeacha unga mweupe mgumu. Unga huo ndio plastiki hii yetu, ingawa ilichukua miongo mingi kabla ya mtu kujua la kuifanyia. Mabomba yenyewe yalianza kutandazwa Ujerumani katika miaka ya 1930. Jua lililoizaa ndilo linaloizeesha. Kilishio cha kuku nilichokiweka uani kilibadilika rangi, kikakauka, na mwaka wa tatu kilipasuka kwa teke la mbuzi. Cha pili nilikipaka rangi ya maji, nyeupe, nacho kimedumu.

Kilishio hicho kinastahili maneno mawili, maana hakuna kifaa rahisi zaidi. Ni mita moja ya bomba la inchi nne, imesimamishwa ukutani, chini ina elbo inayotazama mbele, na juu ina kifuniko. Mita hiyo inabeba zaidi ya lita nane za pumba, na kuku wanakula bila kumwaga. Nilipokitengeneza mara ya kwanza niliitia gundi elbo. Mvua za masika zikaja, pumba zikaloa, zikavunda kwenye kona ambayo mkono haufiki. Siku hizi elbo imeshindiliwa tu, kavu. Kila mwisho wa mwezi naichomoa, naiosha, nairudisha.

Hata hivyo, somo lenyewe sikulipata kwa kuku. Nililipata kwa Bibi.

Mwaka 2013 Bibi aliteleza uani, akaumia nyonga. Alipotoka hospitali alikuja na kitembeleo cha kuazima, na cha kuazima hurudishwa. Mtaalamu wa viungo alituonyesha kipimo: mgonjwa asimame wima, mikono ining'inie, na mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono. Nilipima, nikaandika, nikanunua bomba la inchi moja, lile zito la kubebea maji ya kasi, nikatengeneza. Miguuni nikavisha mpira uliokatwa kwenye tairi ili kisiteleze. Mjomba, mtu wa kilo zaidi ya 90, alikiegemea kwa uzito wake wote, akakitikisa, akasema kipo sawa.

Bibi alikitumia siku moja. Siku ya pili nilikikuta kimesimama pembeni na kanga zimeanikwa juu yake, na yeye anatembea kwa kushika ukuta.

"Bibi, hakikufai?"

"Kinanifaa. Lakini nikikishika kwa mikono miwili, kikombe changu cha chai nikishike kwa meno?"

Nilikuwa nimepima kifundo cha mkono, sikuupima mchana wake. Mwanamke yule tangu asubuhi hadi usiku alikuwa akibeba kitu kutoka hapa kwenda pale: kikombe, tasbihi, kisu, bakuli la nazi. Kumpa kitu cha kumsaidia kutembea huku ukimnyang'anya mikono ni kumpa kwa kulia ukachukua kwa kushoto. Nikakaa naye safari hii. Alitaka kikapu cha ukindu mbele, kidogo, kisichomgonga magoti. Alitaka ndoana ya tochi. Alitaka mshikio wa kulia uzungushiwe kitambaa kwa sababu plastiki ilimteleza mkono ukiwa na mafuta. Yote hayo yalichukua saa moja, na tangu saa hiyo hakukiacha tena.

Kulikuwa na swali la urefu pia, na hapa nilitumia akili ya yunioni. Kiungo kikavu kinatosha kwa kilishio cha kuku. Kwenye kitu kinachobeba mwili wa mtu, kiungo kikavu ni mtego. Kisichotiwa gundi kisiwe kilicholegea. Basi kila mguu niliutengeneza vipande viwili, kimoja kikiingia ndani ya kingine, nikatoboa kwa keekee matundu yanayopishana sentimita tatu, na kupitisha bolti yenye nati. Mzigo unakaa juu ya chuma, na chuma hicho kinachomoleka. Kando ya tundu lililotumika niliandika mwaka kwa kalamu ya wino mzito: 2013.

Mwaka 2015 Bibi alilalamika kwamba kitembeleo kimekua. Hakikukua; yeye ndiye aliyepinda. Nilishusha bolti tundu moja, nikaandika mwaka. Mwaka 2016 nikashusha tena. Dakika kumi za kazi kila mara. Kama ningekuwa ni yule kijana wa barazani mwenye kopo la gundi, ningemtengenezea kitembeleo kipya kila mara, au, kilicho karibu zaidi na ukweli, ningemwambia avumilie. Nadhani hivyo ndivyo vitu vingi vya nyumbani vinavyotutesa. Vilitengenezwa vizuri, kwa kipimo sahihi, siku ile. Lakini mwenye nyumba haishi siku moja: anazeeka, anazaa, anahama, mgonjwa anapona, mtoto anarefuka, na kitu kinabaki pale pale kikidai kwamba kipimo ni chake.

Bibi alifariki mwaka 2017. Kitembeleo kilikaa nyuma ya mlango wake miaka mitatu, hakuna aliyekigusa.

Katikati ya miaka hiyo, tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini, na rafiki mmoja akanitania kwamba sasa zamu ya mabomba yangu imefika. Nilicheka, lakini alikuwa amegusa jambo. Plastiki hii haiozi na, kama nilivyojifunza kwa koo langu, haichomeki. Kila kipande kinachobaki kwenye ujenzi kitakuwepo baada yangu mimi na baada ya wajukuu zangu. Mfuko ulitumika kubeba nyanya kwa robo saa ukaishi mtaroni miaka mingi. Bomba nalo litaishi miaka mingi; kilicho mikononi mwetu ni kulipa kazi miaka hiyohiyo. Na kitu chenye viungo vya gundi kina kazi moja tu. Ikiisha, kimekuwa taka nzima nzima.

Mwaka 2020, wakati kila mlango nchini umewekewa ndoo ya kunawia mikono kwa ajili ya korona, tulikuwa na ndoo yenye koki na hatukuwa na pa kuiweka. Kiti kilikuwa kirefu kwa mtoto, kigoda kilikuwa kifupi kwa wakubwa. Nilikwenda nyuma ya mlango wa Bibi. Bolti zilikuwa zimeshika kutu, hewa ya Tanga haibagui, lakini kwa tone la mafuta zilifunguka. Baada ya nusu saa kitembeleo kilikuwa kigoda cha ndoo: miguu ileile, mpira uleule wa tairi, kipande cha ubao juu. Sikununua ila elbo mbili.

Binti yangu alikuwa na miaka minne. Nilimsimamisha mbele ya ndoo, nikajaribu tundu moja baada ya jingine mpaka akaifikia koki bila kuchuchumia. Lilikuwa ni tundu la mwisho la Bibi, lenye maandishi 2016, wino umefifia lakini unasomeka. Nikapitisha bolti, nikakaza nati kwa mkono. Mwaka uliofuata alianza kulalamika kwamba koki iko chini mno, nikaipandisha kwenye 2015.

Sasa yuko 2013. Juu ya hapo hakuna tundu, itabidi nitoboe.